Mama Matilda na Koti la Kilo Nne

Tarehe 30 Juni 1979, Ndugu Matilda Andendekisye, mpishi mkuu wa kantini ya bohari yetu ya mbolea hapa Iyunga, anastaafu baada ya kutumika miaka ishirini na miwili. Katika muda wote huo ugali wake uliungua mara moja tu, mwaka 1968, siku alipopata mjukuu wa kwanza. Waliokuwepo wanasema waliula wote na pongezi juu.

Alianza mwaka 1957 akipikia watu kumi na wawili kwenye mafiga. Leo jiko lake linalisha watu tisini. Kalamu na yeye hawapatani, kwa hiyo alibuni hesabu yake mwenyewe. Kila mtumishi ana kopo tupu la maziwa kwenye rafu ya jikoni, na kila upawa wa ugali unapotua kwenye sahani yake, haragwe moja linadondoshwa ndani ya kopo. Mwisho wa mwezi Mama anahesabu, anajua apike kiasi gani.

Mei 1976 akaja meneja mpya kutoka tawi la Ipogolo, Ndugu Didas Liberatus. Meneja huyo ndiye anayeandika wasifu huu, kwa hiyo asitokee mtu akasema amesingiziwa. Alikuja na kilo zake hamsini na nane, chati ya uzito aliyopewa kwenye semina, na imani kwamba mnene ni mlafi na mlafi ni mzembe. Tarehe mosi Julai akaamuru watumishi wote wapimwe kwenye mizani ya magunia. Asubuhi ile barafu ilikuwa imetanda kwenye majani, na hakuna aliyethubutu kuvua hata skafu.

Fanueli Isakwisa, mtunza ghala, alifikisha kilo tisini na saba. Akapewa barua: nusu sahani kuanzia siku hiyo, na asipofika themanini na tano ifikapo Desemba, kazi hana. Fanueli ana watoto sita. Hakubisha, akala nusu yake. Mara mbili alikaa chini ghalani kwa kizunguzungu, na meneja akasema anajidekeza.

Oktoba jua likawaka, Fanueli akapimwa tena, mizani ikasoma tisini na tatu. Meneja akatamba bohari nzima na kuanza kuandika ripoti ili wanene wa Ipogolo nao wapunguziwe chakula. Ndipo Mama Matilda akatoka jikoni, mikono ina unga, akalitungua msumarini lile koti la jeshi ambalo Fanueli huvaa Julai nzima, na funguo za maghala yote mfukoni. Akaliweka kwenye mizani. Kilo nne kamili.

“Ndugu Meneja,” akasema, “hapa aliyekonda ni koti.”

Hakuishia hapo. Makopo ya Juni, ya kabla ya amri, alikuwa ameyaficha bila kuyamwaga. Akayahesabu mbele ya watu wote. Fanueli, haragwe hamsini na mbili. Nkuba Ngolo, mbeba magunia mwembamba kuliko sisi sote, mia moja na nne. Kopo la meneja lilitoa mia moja na kumi. Nkuba alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Meneja akamuuliza Mama, basi unene unatoka wapi? Akajibu kwamba hajui. Mama yake Fanueli na shangazi zake kule Tukuyu wote wana umbo lile lile, na yeye anachojua ni kinachoingia kwenye sahani tu. Barua ilichanwa siku hiyo hiyo. Fanueli yuko ghalani mpaka leo, na kilo zake zote.

Mwezi uliopita tulimuuliza Mama Matilda angependa zawadi gani ya kuagwa. Wengine walitaja redio, wengine blanketi. Alikataa vyote. Akasema barua ile ilisomwa mbele ya watu, lakini kuichana kulifanyika ofisini, mlango umefungwa, na hakuna aliyemwomba Fanueli radhi. Anataka jambo moja liandikwe kwenye jarida hili, lisomwe na Iyunga na Ipogolo.

Basi na liandikwe. Fanueli Isakwisa hakuwa mlafi, wala hakuwa mzembe. Nilimkosea, naomba anisamehe.

Mama Matilda, zawadi yako ndiyo hiyo. Asante kwa kila upawa. Nenda kapumzike kwa afya na furaha, na kopo langu ondoka nalo.