Tsiala Kobalia, Bingwa Asiyemwachia Mtu Mchezo

Baba Padri, ndugu, majirani na wanafunzi wa marehemu, mimi ni Lali, mdogo wake Otari, na familia imeniweka nisome maisha ya wifi yangu kwa sababu Otari mwenyewe, tangu Jumatatu, akianza sentensi haimalizi.

Tsiala alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Ingiri, hapa wilayani Zugdidi, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa mzee Valeri Kobalia na mama Guliko, wakulima wa chai. Alianza shule kijijini mwaka 1958, akajiunga na kilabu cha sataranji cha watoto mwaka 1960, na mwaka 1969 akaenda Tbilisi kusomea hesabu katika chuo kikuu, ambako alihitimu mwaka 1974 na kurudi nyumbani kufundisha sataranji katika kilabu kile kile, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2014.

Tarehe 8 Oktoba 1975 alifunga ndoa na kaka yangu, Otari Sajaia, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, akaja kwetu na mashuka, magodoro na ubao wa sataranji kama binti yeyote wa hapa. Mama yetu, ambaye alikuwa na ulimi, aliwaambia wageni, "Mashuka atayachakaza Otari, huo ubao utamchakaza Otari." Mungu aliwajalia watoto wawili, Nestani mwaka 1977 na Lasha mwaka 1980, na wote wawili walikua wakifungwa na mama yao mchezo baada ya mchezo, kwa kuwa Tsiala aliamini kwamba kumwachia mtu ashinde ni kumdharau, na wala machozi hayakumbadilisha.

Sasa nifike mwezi Mei 1984, maana nikipapita kimya mtasema Lali anamficha kaka yake. Mashindano ya kimataifa yalifanyika hapa Zugdidi, na Tsiala alihitaji ushindi katika mchezo wake wa mwisho, dhidi ya Bi Agota Szemere kutoka Hungaria, ili apate cheo cha bingwa mkuu, cheo alichokuwa akikitafuta kwa miaka saba huku akinyonyesha, akifundisha na kupika. Giza likaingia mchezo haujaisha, ukaahirishwa hadi asubuhi, kama ulivyokuwa utaratibu wa siku zile, Tsiala akiwa na nafasi nzuri na njia ya kushinda ambayo aliionyesha kwa mtu mmoja tu, mumewe. Basi kwetu mgeni hali hotelini, hata akiwa ndiye adui yako wa kesho, kwa hiyo Otari alimwalika Bi Agota nyumbani pamoja na mkalimani wake, na yeye akiwa tamada, mwongozaji wa karamu, alinyanyua pembe ya divai kuwaombea heri wafu, kisha wazazi, kisha wageni, na ilipofika zamu ya kumsifu mke wake, mapenzi yakamzidi, akasema mbele ya meza nzima, "Mwanamke huyu! Kesho ataitoa ngome yake bure, mtadhani amerukwa na akili, kumbe farasi yuko nyuma anamsubiri mfalme!" Mkalimani, ambaye kazi yake ni kutafsiri, akatafsiri.

Mgeni wa watu aliweka kijiko chini, akawa mwekundu, na hana kosa hata kidogo. Asubuhi ile njia ilikuwa imezibwa, mchezo ukaisha sare, cheo kikapita. Mji mzima ulimcheka Otari, kiwandani walimwita Mkalimani, na Tsiala hakumsemesha, hadi Jumapili alipopanga ubao mezani na kumwambia, "Kaa hapa, baba Nestani. Siku utakayonifunga, nitakusamehe." Cheo chake alikipata mjini Subotica, Yugoslavia, tarehe 19 Novemba 1989, na tulidhani yataishia hapo, lakini jioni yake Otari alipiga simu kumpongeza akajibiwa, "Ahsante, lakini wewe bado hujanifunga." Wakacheza kila jioni kwa miaka arobaini, katika vita na katika amani, umeme ukiwepo na usipokuwepo, na Otari hakushinda hata mara moja.

Tarehe 2 Februari mwaka huu, 2024, Tsiala alipatwa na kiharusi kilichomnyima usemi na mkono wa kulia, akatibiwa hospitalini na baadaye nyumbani, hadi mauti yalipomfika asubuhi ya Jumatatu, tarehe 27 Mei, akiwa na umri wa miaka 73, akiacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea usiku ule wa kiharusi, majirani ambao hawakutuacha siku bila sima na jibini, walimu wenzake wa kilabu, na watoto waliokuja kucheza naye wakakubali kufungwa kwa mkono wa kushoto.

Limebaki jambo moja, ambalo Otari ameniomba niliseme mimi. Mchana wa siku ya mwisho, Jumapili, walipokuwa wakicheza kitandani, Otari aliona kwamba malkia wake akisogea mara moja tu, mfalme wa mkewe hana pa kwenda. Aliliona, na badala ya kufurahi akaogopa, akapeleka mkono kwenye askari wa pembeni, asogeze kitu kisicho na maana, mchezo uendelee, na jioni nyingine iwepo. Tsiala akamshika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima, akauvuta taratibu, akauweka juu ya malkia. Alikuwa ameona kabla yake, kama kawaida yake. Otari akacheza, na wifi yangu akamlaza mfalme wake mwenyewe, akampa mumewe mkono na kumtazama mpaka akaelewa.

Otari hakuutaka msamaha ule, wifi, angekaa na kosa lake miaka mingine arobaini, lakini umempa kwa mkono wako na ameupokea. Pumzika kwa amani.