Mwaka Tulioficha Ukame

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kilimo, Mheshimiwa Diwani, Ndugu wageni waalikwa, na ninyi wakulima wenzangu mliobanana kule nyuma ilhali viti vya mbele vitupu: hamjambo?

Nimepewa dakika chache nimuage Bwana Shamba wetu anayestaafu leo. Mshereheshaji ameninong'oneza nisiseme sana. Haya, nitajitahidi, ila mnanijua.

Wenzangu wamesifu elimu yake, na ni kweli anayo. Mimi nitasema la mwaka ule wa ukame, serikali ilipotangaza ruzuku ya mbegu na mbolea kwa waliounguliwa na mahindi. Marehemu mume wangu aliniachia shamba moja tu, na sikuwa na mbegu hata ya kutupia kuku. Bila ruzuku ningeliuza. Shemeji yangu, yule pale anayeangalia chini, alishaanza kulipima kwa hatua.

Tukaambiwa wakaguzi kutoka makao makuu wanakuja. Sasa jamani, wageni wakubwa wanakuja, sisi tukafanya nini? Tukafanya usafi! Nani angekubali kukutwa na shamba la aibu? Tukang'oa mabua yote makavu, tukafagia, na mama mkwe akazimwagilia mboga za uani maji ya kuogea mpaka zikameremeta. Bwana Shamba aliwaonyesha wageni njia tu, akaendelea na kazi ng'ambo ya mto. Wakatembea, wakatusifu, wakaondoka. Wakaandika kwamba hapa hakuna shida.

Jibu lilipofika nililia, na sioni haya kusema.

Ndipo Bwana Shamba akaja peke yake, bila taarifa, akanikuta nafua. Akauliza, "Mama, mbona mabua yako siyaoni?"

Nikamjibu, "Tumeyaficha nyuma ya choo, baba, tusikutie aibu kwa wageni."

Alicheka mpaka akakalia kinu changu. Kisha akaenda kuyaangalia.

Ukaguzi haurudiwi hivi hivi. Lazima apatikane mtu aliyekosea. Wale wakaguzi wangekubali? Thubutu! Na sisi tungesema tulijipamba, nani asingetuita waongo? Basi akaenda ofisini akasema, "Kosa ni langu. Niliwaelekeza wageni kwenye mashamba yasiyo yenyewe." Ukaguzi ukarudiwa, ruzuku ikaja, shamba langu likabaki langu. Yeye akapewa onyo kali, na habari ya kupanda cheo ikaishia hapo. Hakutuambia hata siku moja. Nimeyajua juzi kwa binamu yangu anayepika chai ofisini kwenu. Binamu, nisamehe, leo nimekuchoma.

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakati ule hukuwepo, sikulaumu. Lakini umetusomea hapa kwamba mzee huyu ametumikia miaka yote hii kwa cheo kile kile, na watu wakampigia makofi machache, kama wanaomwonea huruma. Naomba wampigie tena, safari hii wakijua sababu.

Bwana Shamba, hukukosea. Tulikosea sisi, kosa ukalibeba wewe, na watoto wangu wanakula mahindi ya shamba lile mpaka leo. Nilitaka mkeo na wanao walisikie hili likisemwa kwa sauti, mbele ya wakubwa wako.

Naishia hapa. Asanteni nyote kwa kunisikiliza.