Sinema Iliyopigwa Picha Saa Sita Mchana

“Sinema hii imeshakufa, na picha hizi ndizo ushahidi.”

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji, waheshimiwa madiwani, mwenyeji wetu Mama Bisi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mliogoma kushuka kwenye magari yenu: maneno hayo si yangu. Ameyasema Mheshimiwa Mwenyekiti sasa hivi, amesimama mbele ya picha ya uwanja huu huu, mkononi ana soda ya bure. Kisha mkanipa mimi kipaza sauti nifungue maonyesho. Mmeyataka wenyewe.

Picha ni nzuri, sibishi. Mpiga picha amemuoa dada yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsifu na kumchokoza kwa pumzi moja. Amezunguka mji hadi mji akizitafuta sinema za magari, hizi ambazo mtu hutazama filamu akiwa amekaa ndani ya gari lake. Tazameni alichotuletea: skrini nyeupe kama ukuta wa hospitali, kiwanja kitupu, kunguru mmoja. Unatamani kutoa rambirambi! Lakini naomba kuuliza swali la kijinga. Shemeji, hizi ulizipiga saa ngapi?

Mmemsikia? Saa sita mchana. Eti jua likiwa utosini skrini inang'aa. Jamani, ni sinema gani ya nje inayoonyesha filamu saa sita mchana? Mheshimiwa, nikipiga picha kitanda chako saa hizo, nitangaze kwamba nyumbani kwako hakuna anayelala?

Mama Bisi alipoambiwa mpiga picha anakuja, alifyeka majani uwanja mzima. Shemeji yangu nusura alie. “Mama, ungeyaacha tu. Yanaleta huzuni.”

Mama Bisi akamjibu, “Huzuni ninayo jikoni, mwanangu. Njoo uipige picha huko.”

Hakwenda. Msanii na moshi wa chipsi wapi na wapi! Lakini angekwenda angeona jinsi mahali hapa panavyoishi. Sehemu kubwa ya kiingilio huchukuliwa na wenye filamu. Kinachobaki kinamezwa na umeme na projekta. Wenzake wa kumbi za ndani wanaonyesha tangu asubuhi; Mama Bisi hana budi kungoja giza, na mvua ikinyesha anawarudishia watu hela zao. Kinacholisha sinema hii ni dirisha lile pale: bisi, chipsi, soda. Mnadhani jina la Mama Bisi alipewa kwa urembo?

Sasa nani anaiua? Mheshimiwa anasema watu hawaji. Wanakuja! Jumamosi iliyopita magari yalijaa mpaka getini, na jiko likabaki baridi, kwa sababu buti za magari yenu, zilizojaa vyakula vya nyumbani, zilikuwa zinanukia kuliko jiko. Dada yangu mwenyewe, mke wa msanii, alikuja na sufuria nzima ya wali imefungwa kwenye taulo. Sitamtaja aliyemsaidia kula. Mama Bisi akapita gari hadi gari: “Wanangu, hata bisi kidogo?”

“Tumeshiba, mama!” mkamjibu, midomo imejaa.

Mnacheka. Jumatatu Baraza linapiga kura kukigeuza kiwanja hiki kuwa maghala, na picha hizi za mchana zimeambatanishwa na ripoti yake. Kura ikipita, skrini aliyoisimamisha marehemu mume wa Mama Bisi itang'olewa, na mama huyu, ambaye hana kazi nyingine wala hajaomba nyingine, atalifunga dirisha lile. Na ninyi mtakula wali wenu mkitazama ukuta wa ghala.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, njoo Jumamosi hii, kabla ya kura, giza likishaingia. Zima taa za gari, shusha kioo, usikie uwanja mzima unavyocheka, uone kama maiti inacheka hivyo. Shemeji, njoo na kamera, umpige picha Mwenyekiti akiwa kwenye foleni ya chipsi, na picha hiyo nayo iingie kwenye ripoti. Dada yangu, sufuria ibaki nyumbani.

Nawashukuru kwa kunivumilia, hasa mliotajwa. Maonyesho yamefunguliwa, na dirisha la Mama Bisi pia. Mheshimiwa, tangulia wewe. Na safari hii, ulipe.