Mbele ya Mama Hakuvuta

Sogeeni, ndugu zetu, wa nyuma jongeeni, mlio mlangoni ingieni, tunyamaze kidogo, maana leo anasemewa mtu ambaye hakupenda kusemewa.

Marehemu, seremala tuliyemwita Randa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, nyumba ya pili kutoka mnara wa maji, kifungua mimba wa mama yake, akasoma shule ya jirani hadi darasa la saba, mwalimu akikiri kwamba mikono ya mtoto huyu ina akili kuliko daftari lake, na mwaka 1986 akafungua karakana nyuma ya soko. Tarehe 14 Agosti 1993 alimwoa mteja aliyekuja kumlalamikia kwamba droo za kabati zimepinda kama ahadi zake, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 3 Juni 2021 alianguka kutoka kwenye ngazi akipigilia dari, akapigwa picha ya kifua, mbavu zikakutwa nzima, lakini kwenye pafu kikaonekana kivimbe kama punje ya dengu, ambacho hakuna aliyekwenda kukitafuta. Daktari akaeleza kwamba vingi vya namna hiyo ni makovu tu, kwamba kidogo hivyo kwa asiyevuta sigara huachwa, ila kwa mvutaji picha hurudiwa baada ya mwaka, ndipo akamuuliza kama anavuta. Mkewe alikuwa kwenye dirisha la dawa, mama yake ameketi ubavuni, na baba mzima wa miaka hamsini na mitatu, ambaye hakuwahi kuwasha sigara mbele ya mzazi, akatazama viatu vyake, akajibu kwamba hata moshi wa jiko humkohoza. Akaruhusiwa.

Mkewe alipopata habari alimuuliza kama pafu nalo lina haya, naye akaahidi kurudi peke yake kusema kweli akishamaliza vitanda vya wateja, na vitanda haviishi.

Januari 2024 alikohoa damu, punje ilikuwa imekuwa ngumi, ugonjwa umeshafika mifupani, akafariki asubuhi ya tarehe 22 Mei, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari, waliopima walichokiona na walichoambiwa, majirani waliotupikia, na maseremala wenzake waliolichonga jeneza hili kwa randa yake mwenyewe.

Karakana ameachiwa binti mkubwa, randa ni ya mdogo, kabati la droo zilizopinda ni la mjane, na mama amechukua shati la kazi, hajalifua, harufu yake ya moshi aliizoea tangu zamani.

Naye mama ametuagiza tumalizie kwa maneno yake: Pumzika kwa amani, mwanangu, mama alikuwa anajua.