Mama Anamwombea Mwoka Mikate

Ndani ya basi nilikaa nyuma ya binti fundi cherehani, futi ya kitambaa ikimning'inia shingoni, na abiria mwenzake, mzee fundi bomba. Masikio yangu yalistaafu pamoja nami, lakini yakisikia habari za watu hurudi kazini bila kuitwa.

Binti alifunga riwaya yake ya Wakristo wa kwanza, machozi yakimlenga. Mzee akamuuliza kulikoni.

"Mwoka mikate anakufa, baba. Yule aliyewaficha waumini nyuma ya tanuri. Nimechungulia mwisho. Mama haoni tena, mimi ndiye namsomea, na kila tukifunga kitabu anamwombea asikamatwe."

"Anamwombea mtu wa kutungwa?"

"Anajua katungwa. Anasema walikuwepo wengi kama yeye, na hakuna aliyeandika majina yao. Basi anawaombea wote kupitia huyu."

Mzee akakuna kidevu kwa spana. Mimi ningetumia kidole.

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Nikimsomea mwisho, nimpitishe mwoka mlango wa nyuma, aponyoke. Naongeza sentensi moja tu."

"Usimdanganye mzazi, mwanangu. Sauti yako itakusaliti."

"Mama anaumwa, baba. Huenda hiki ndicho kitabu chetu cha mwisho. Nimwambie maombi yake hayakufika?"

Mzee akairudisha spana mkobani.

Basi likasimama. Binti akainuka, na mzee akavuta mkoba wake wa vyuma ampishe.

"Leo usimalize," akamwambia. "Soma polepole."