Mungu Aliyeishusha Kinga Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Msifuni tena, maana leo nimekuja hapa mbele kwa miguu yangu mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu!

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Tabitha, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa ufuoni Sindo. Wengi huisikia sauti yangu kabla ya kuniona. Kazi yangu ilikuwa kuanika omena kwenye neti na kuzigeuza jua likiwaka mpaka zikauke. Nguvu nilikuwa nazo, na mdomo pia nilikuwa nao.

Kisha mwili ukanigeuka. Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba, hata kufunga leso nikashindwa. Nywele zikanyonyoka. Mashavu yakatoka wekundu uliowaka kila nilipotoka juani. Nikakonda, na mnajua kwetu mtu akikonda watu wanasema nini! Nilipimwa virusi vya UKIMWI, nikapimwa tena, nikaambiwa sina. Bado majirani waliniangalia kwa huruma ile ya kumwangalia mtu anayeficha. Iliniuma sana.

Mwishowe nilipelekwa hospitali mjini Homa Bay, nao wakaupata ugonjwa wenyewe. Unaitwa lupus. Daktari akasema ni ugonjwa wa kinga ya mwili, akaniandikia tembe, nikarudi nyumbani.

Mama mkwe wangu katika maelezo yote alishika neno moja tu: kinga. Ndugu zangu, mama huyu alizika wana wawili katika miaka ile mibaya, kabla dawa hazijatufikia. Kwake, kinga ni kitu kinachoshuka, na ikishuka mtu anakufa. Akaapa kwamba mimi hatanizika. Asubuhi uji wenye unga wa majani, mchana mizizi iliyochemshwa, jioni kitunguu saumu mpaka nikanuka kama jiko! Wauza dawa za kuongeza kinga pale sokoni wote walimjua. Na jirani mmoja alipomwambia kwamba tembe zangu zinapunguza kinga, mama alizichukua akazificha.

"Nyathina, mwanangu," aliniambia, "hao watu wa hospitali wanataka kukumaliza."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Na mtu anayekupikia huku analia, utamkataliaje?

Haukupita muda, miguu ikavimba, mkojo ukatoka povu kama la sabuni, pumzi ikawa shida. Nikarudishwa Homa Bay nimebebwa. Nikasikia wakitaja figo. Nilijua ninakufa, ndugu zangu. Nikamwambia Mungu, kama ni kunichukua nichukue, lakini mtunze huyu mama, maana atasema ni yeye aliyeniua.

Mungu akamtuma Sista Akoth, nesi wa wodi yetu. Aliposikia habari ya mizizi na tembe zilizofichwa, hakumgombeza mama mkwe. Alivuta kiti akaketi karibu naye, akamuuliza kama nyumbani ana mbwa.

"Niko naye. Mkali sana," mama akajibu.

"Sasa huyo mbwa akianza kuuma watoto wa boma, utamwongezea nyama?"

"Wewe! Nitamfunga kamba."

"Si umuue tu?"

"Nikimuua, si wezi wataingia?"

"Basi, Mama, kinga ya huyu mtoto wako haijashuka. Imekuwa kali kupita kiasi, inamuuma yeye mwenyewe. Inauma figo, inauma viungo. Hiyo mizizi ni nyama. Hizi tembe ndizo kamba."

Mama akafunika uso kwa leso akalia, nami nikalia, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani akalia bila kujua tunalilia nini!

Tangu hapo Sista alitufundisha sisi wawili pamoja. Tembe hazikatizwi ghafla, hata nikijisikia mzima, hata uso ukijaa kwa sababu ya dawa. Jua nilikimbie, na nikitoka nivae mikono mirefu na kofia. Na kwa kuwa mbwa yuko kwenye kamba, nikae mbali na mwenye kikohozi, na homa ikinishika nisingoje kesho. Povu likirudi, nije. Alimfanya mama arudie yote kwa Dholuo, kwa maneno yake mwenyewe, mpaka akaridhika.

Ndugu zangu, povu liliisha! Vipimo vya figo vikarudi vizuri! Ugonjwa haujaondoka, Sista alituambia wazi kwamba nitaishi nao, lakini sasa umelala. Wanawake wenzangu ufuoni hunigeuzia omena, nami nakaa kivulini napima kwa mkebe wa gorogoro na kubishana na wateja. Ero kamano, Nyasaye! Asante, Mungu wangu!

Mama mkwe yuko pale nyuma, amekataa kuja mbele, anasema ana haya. Lakini acheni niwaambie. Kila asubuhi ananiletea uji mtupu, na tembe mkononi mwake, na kabla sijameza anaomba. Sisi sote tunaomba Mungu atuinue, atupandishe. Mama anaomba kwa sauti mpaka majirani wanasikia: "Baba, shusha! Shusha kinga ya mtoto wangu!"

Mama aliyezika wawili kwa kinga iliyoshuka anaomba hivyo, ndugu zangu.

Wewe unayeumwa, mwamini Bwana. Ukienda hospitali, nenda na yule anayekupikia, msikie wote wawili. Na jibu la Mungu likija ndani ya kitu kile unachokiogopa, lipokee. Mama alilipokea akiogopa, na mimi niko hai. Amina!