Clifford Haslam, Mshambuliaji Aliyerudi Uwanjani

Ndugu yetu Clifford Haslam alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 mjini Thornclough, Lancashire, mtoto wa pili wa Albert na Edna, wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Mimi, Ernest, nilimtangulia kwa miaka minne.

Alisoma shule ya kanisa hadi umri wa miaka kumi na mitano, kisha akaingia kiwandani. Mpira alijifunza kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba yetu, ambacho leo ni cha magari tu.

Mwaka 1959 alisajiliwa na timu ya mji, Thornclough Rovers, Daraja la Nne. Enzi hizo mchezaji alikwenda uwanjani kwa miguu pamoja na majirani zake. Tarehe 29 Aprili 1961, katika mechi ya mwisho ya msimu, tulihitaji ushindi ili tusibaki mkiani mwa msimamo, ambako timu zilipigiwa kura ya kubaki au kutolewa kwenye ligi. Clifford aliumia goti. Wakati wa mapumziko daktari alimwonya kwamba akirudi, hatacheza tena maishani. Kubadilisha mchezaji hakukuruhusiwa. Desturi ilikuwa majeruhi asimame pembeni ndani ya uwanja, angalau awasumbue wapinzani. Clifford akarudi.

“Haslam, bibi yangu ana mbio kukushinda,” mwanamke mmoja alimpigia kelele kutoka jukwaani.

“Mlete basi, dada. Nafasi ipo.”

Hakuna aliyehangaika kumkaba majeruhi, hivyo mpira ulimkuta peke yake. Akafunga. Timu ikapona, naye hakucheza tena. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Siku hizi mtu akibanwa na msuli tu hutoka akipunga mkono.

Mwanamke yule alikuwa Doreen Pickup, msokota nyuzi. Alikuja nyumbani na pai ya nyama kuomba radhi, na Juni 1963 wakafunga ndoa katika kanisa la Wamethodisti. Clifford aliendesha lori la maziwa hadi alipostaafu.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana. Wiki yake ya mwisho hospitalini nililaani tena viongozi wa timu waliomwacha arudi uwanjani, na ambao baada ya mechi ile hawakuja hata kumjulia hali.

“Kaka,” akasema, “goti ni langu. Mbona wewe ndiye unayechechemea?”

Alifariki tarehe 12 Novemba 2018. Ameacha mjane, Doreen; binti, Hilary; wajukuu wawili; na kaka yake, ambaye bado anachechemea kwa goti lisilo lake.

Lala salama, mdogo wangu. Mungu akupe amani.